KILA KARATASI INA SAA YAKE
Somo juu ya kutayarisha hati za safari ya nje wakati wa ugonjwa wa mlipuko



Sisi wahamasishaji jamii tunapopita mitaani tunaulizwa swali moja kila wiki: "Safari yangu imesimama, sasa nifanye nini?" Wengi wakiambiwa wasubiri, hurudi nyumbani, hufunga karatasi zao ndani ya kitambaa, huziweka chini ya godoro na kungoja jina lao libandikwe kwenye ubao wa matangazo. Somo hili linataka kuonyesha kwamba kusubiri namna hiyo kuna hasara kubwa.

Ugonjwa unaweza kusimamisha ndege. Lakini hausimamishi tarehe zilizoandikwa kwenye karatasi. Kila karatasi ina saa yake, na saa hizo zinaendelea kutembea hata wakati sisi tumekaa.

Somo ni kwa wale wenye faili la kuhamishiwa nchi ya tatu, wale wanaoitwa na ndugu walio nje, wanafunzi wanaopata nafasi ya masomo, na wagonjwa wanaopelekwa kutibiwa mbali. Someni pamoja nyumbani. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Jambo moja tuliseme mapema. Karatasi nzuri hazifungui mlango ambao serikali imeufunga. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa tayari na tarehe ya ndege zikafutiwa safari. Hapo msafiri hakuwa na kosa. Lakini mlango wowote unapofunguliwa, hata kidogo, wanaopita mapema ni wale ambao karatasi zao bado ziko hai.

1. YALIYOTUPATA MWAKA 2020

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa ugonjwa wa dunia nzima. Tarehe 17 Machi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) yalitangaza kusimamisha kwa muda safari za wakimbizi kwenda nchi ya tatu. Sababu zilikuwa mbili: nchi nyingi zilikuwa zinafunga mipaka na ndege zinapungua, na pia ilihofiwa kwamba wasafiri wataambukizwa au watakwama njiani. Tarehe 18 Juni 2020 mashirika hayo yalitangaza kwamba safari zinaanza tena, lakini zilirudi pole pole. Mwaka 2019 wakimbizi zaidi ya 63,000 duniani waliondoka kwa njia ya UNHCR. Mwaka 2020 hawakufika hata 23,000.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, kwa ruhusa ya wenyewe. Mama yangu mdogo, mume wake na watoto wao watatu walipangiwa kuondoka hapa Nyarugusu kwenda Marekani wiki ya mwisho ya Machi 2020. Walikuwa wamekwisha kugawa sufuria, kuuza mbuzi wawili na kumwachia jirani nyumba. Habari ya kusimama kwa safari iliwakuta wanalala kwenye mikeka ya kuazima.

Mpaka hapo hawakuwa na kosa lolote. Makosa yalianza baadaye, na yote yalikuwa ya kimya.

La kwanza: matokeo ya medikali waliyofanyiwa Januari 2020 yalikwisha nguvu mwezi Julai. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika tarehe.

La pili: Novemba 2020 mama mdogo alijifungua mtoto wa kike. Majirani wakamshauri amfiche, wakisema, "Ukimtaja, faili litarudi nyuma." Akakaa miezi minne bila kumwandikisha.

La tatu: kadi za chanjo zilikuwa ndani ya sanduku la mbao chini ya paa linalovuja. Mvua ya masika ikaingia, wino wa mihuri ukaenea, na majina hayakusomeka tena.

Faili lao lilipoanza tena mwaka 2021, ikabidi mtoto aandikishwe kwanza, ndipo aongezwe kwenye faili, ndipo familia yote irudie medikali, ndipo kadi zitafutwe upya. Kila hatua ilingoja ile iliyotangulia. Kama mtoto angeandikishwa wiki ile aliyozaliwa, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha kabla ya kuitwa. Habari yao tutaimaliza mbele.

2. NI KARATASI ZIPI?

Watu wengi wakisikia "hati za safari" wanafikiri ni kitabu kimoja. Kwa mkimbizi ni mafungu manne.

(a) Karatasi za kusema wewe ni nani. Hizi ni karatasi ya usajili ya familia yenye picha, kadi ya mgao, tangazo la kuzaliwa kutoka hospitali na cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, karatasi ya kifo kama mmoja amefariki, na hukumu au barua ya ulezi kwa anayelea mtoto asiye wake wa kumzaa.

(b) Karatasi za ruhusa. Hizi ni kibali cha kutoka kambini, ambacho kwa hapa Tanzania kinadaiwa kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Ruhusa ya serikali ya kuondoka nchini. Na viza au barua ya kuingia katika nchi unayokwenda. Kwa anayesafiri mwenyewe, kama mwanafunzi, inahitajika pia hati ya kusafiria ya mkimbizi.

(c) Karatasi za afya. Hizi ni matokeo ya medikali, kadi ya njano ya chanjo, kadi ya kliniki ya mtoto, karatasi za dawa kwa mwenye maradhi ya kudumu, na wakati wa mlipuko, cheti cha kipimo au cha chanjo ya ugonjwa huo.

(d) Karatasi za maisha. Hizi ni vyeti vya shule, diploma ya serikali kwa waliosoma mtaala wa Kongo, vyeti vya ufundi na barua za kazi. Hizi hazikupandishi ndege, lakini ukifika ndizo zitakazokupa darasa au kazi. Wengi huzisahau kwa sababu hakuna anayeziuliza mpaka mtu ameshafika.

Tuongeze neno juu ya hati ya kusafiria ya mkimbizi, kwa sababu inaeleweka vibaya. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyekuwa Kamishna wa wakimbizi wa Jumuiya ya Mataifa, alianzisha hati kwa ajili ya wakimbizi wa Urusi waliopoteza uraia. Watu waliiita pasipoti ya Nansen. Hati yetu ya leo ni mjukuu wa ile. Inatajwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na jalada lake lina mistari miwili myeusi kwenye kona ya juu kushoto. Inatolewa na serikali ya nchi unayokaa, haitolewi na shirika. Haimfanyi mtu kuwa raia. Na kwa kawaida haitumiki kurudi katika nchi uliyokimbia.

Wanaoondoka kwa mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu mara nyingi hawapewi kitabu hicho. Wao hutayarishiwa karatasi za kuingilia nchi inayowapokea, na wakati wa safari hukabidhiwa mfuko wa plastiki wa IOM wenye karatasi hizo pamoja na za afya. Mfuko huo hushikwa mkononi tangu kuondoka mpaka kufika. Usiuweke kamwe katika mzigo unaokwenda chini ya ndege.

3. SAA YA KILA KARATASI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Ziko karatasi zisizokwisha, kama cheti cha kuzaliwa. Ziko za miaka, za miezi, za siku. Tuzione.

Kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huchanjwa mara moja. Cheti chake kinaanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya kuchanjwa. Kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa hana cheti, hata kama ana kadi mkononi. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha yote. Mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa "miaka 10" hahitaji kuchanjwa tena. Lakini kadi isiyo na mhuri wa kituo wala sahihi ya mganga ni karatasi tupu. Mama mjamzito na mtoto aliye chini ya miezi 9 wamwone daktari kwanza.

Medikali. Hii ndiyo saa iliyowaumiza wengi mwaka 2020. Katika utaratibu wa Marekani, matokeo hudumu miezi 6 kwa mtu asiye na tatizo la kifua, lakini miezi 3 tu kwa aliyeonekana na dalili za kifua kikuu zinazohitaji kuangaliwa. Kanada huhesabu miezi 12.

Hati ya kusafiria. Mkataba wa 1951 ulisema iwe ya mwaka mmoja au miwili. Ziko serikali zinazotoa ya muda mrefu zaidi. Soma tarehe iliyo ndani ya hati yako mwenyewe. Tena nchi nyingi zinataka hati iwe na miezi 6 mbele, kwa hiyo hati iliyobakiza miezi 2 ni kama imekwisha.

Viza. Ina tarehe yake, na mara nyingi tarehe hiyo hufungwa na medikali au na hati ya kusafiria. Moja ikifa, huivuta nyingine.

Uchunguzi wa usalama. Hauna karatasi unayoshika wewe, lakini nao una muda wake ndani ya faili. Ukipita, hurudiwa.

Kipimo cha ugonjwa wa mlipuko. Hii ni saa fupi kuliko zote. Kuanzia tarehe 26 Januari 2021 Marekani ilidai kila abiria wa ndege kuanzia miaka 2 awe na kipimo cha korona kilichofanywa ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka. Tarehe 6 Desemba 2021 ikawa siku 1. Tarehe 12 Juni 2022 sharti hilo likaondolewa. Tazama jinsi sharti la ugonjwa linavyogeuka: siku tatu, siku moja, hakuna. Ndiyo maana mtu asitegemee habari ya ndugu aliyesafiri mwaka jana.

Jinsi ya kuhesabu

Chukua daftari la shule la mtoto. Piga mistari, upate safu tano: jina la mtu, karatasi, ilitolewa lini, inakwisha lini, wa kumuuliza ni nani. Andika kila mtu wa nyumba, hata mtoto mchanga.

Tufanye mfano. Familia ya watu wanne imefanya medikali tarehe 10 Januari. Watatu wana miezi 6, yaani mpaka 10 Julai. Bibi yao alionekana na kovu kifuani, akapewa miezi 3, yaani mpaka 10 Aprili. Je, familia hii ina muda mpaka lini?

Wengi hujibu Julai. Jibu ni Aprili. Familia inasafiri kwa saa ya yule mwenye tarehe fupi zaidi. Ukijua hivyo, mwezi Machi utakwenda kuuliza, "Tarehe ya bibi inakaribia, tufanyeje?" Usiposema, huenda ikagunduliwa Mei, na wote mkaanza upya.

4. MAJINA NA TAREHE

Ugonjwa wa mlipuko unaongeza karatasi, na kila karatasi mpya ni nafasi mpya ya kukosea jina. Kipimo cha korona kilikuwa na jina, hati ina jina, tiketi ina jina. Mtu wa uwanja wa ndege hamjui mtu. Anazijua herufi.

Sisi watu wa Kongo tuna jina la baba, jina la nyumbani na jina la ubatizo, na kila mwandishi huyapanga anavyosikia. Mmoja anaandika Byamungu, mwingine Biamungu. Mmoja anaandika Furaha, mwingine Fulaha. Kambini tunacheka. Kwenye kaunta ya ndege hao ni watu wawili.

Tarehe za kuzaliwa nazo zina mitego miwili. Kwanza, wazee wengi wasiojua siku waliyozaliwa waliandikwa 01/01. Hilo si kosa, mradi iwe hivyo hivyo katika karatasi zote. Usilete siku mpya uliyoambiwa na shangazi wiki ya safari. Pili, sisi huandika siku kwanza halafu mwezi, lakini Wamarekani huandika mwezi kwanza. Kwetu 05/03 ni tarehe 5 Machi. Kwao ni tarehe 3 Mei. Ukiandika mwenyewe, andika mwezi kwa maneno.

Ukiona kosa, lipeleke ofisini likiwa bado changa. Usifute kwa wembe, usirudishie kwa kalamu, usimpe kijana wa fotokopi arekebishe. Karatasi iliyokosewa husahihishwa. Karatasi iliyochezewa hutupwa, na mwenyewe hushukiwa.

5. FAMILIA IKIONGEZEKA AU IKIPUNGUA

Safari ikisimama mwaka mzima, nyumba haisimami. Watu wanazaliwa, wanaoa, wanatengana, wanafariki. Mtoto wa miaka 17 anatimiza 18, na huenda akatakiwa kutia sahihi yake mwenyewe. Yote haya hubadili faili.

Ni kweli kwamba kumtaja mtoto mpya kunaweza kuchelewesha safari. Tusidanganyane. Lakini kumficha hakuondoi ucheleweshaji. Kunausogeza mpaka siku mbaya zaidi. Mtoto asiye kwenye faili hapandi ndege. Mama atachagua nini siku hiyo: kumwacha, au kubaki naye na kuona wengine wakiondoka?

Vivyo hivyo kwa ndoa. Mwenye mke au mume asiyetajwa, akiondoka, atapata taabu kubwa kumwita baadaye, kwa sababu yeye mwenyewe aliandikisha kwamba hana. Na anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake, aulize mapema juu ya idhini ya yule mzazi mwingine. Idhini hiyo haipatikani kwa siku mbili kama mwenzako yuko ng'ambo ya ziwa.

6. KUTUNZA KARATASI KAMBINI

Adui wa karatasi hapa kwetu ni wanne: mvua, mchwa, panya na moto. Sanduku la mbao linazuia mmoja tu, tena si sana.

- Tia karatasi zote katika mfuko wa plastiki mzito, kunja mdomo mara mbili, tia ndani ya mfuko wa pili.
- Uning'inize juu, mbali na ukuta na mbali na jiko. Usiweke chini.
- Kila mtu mzima wa nyumba ajue ulipo. Moto ukishika, hakuna muda wa kuuliza.
- Piga fotokopi, uiache kwa ndugu wa zoni nyingine. Mwenye simu apige picha za karatasi, naye amtumie ndugu mmoja anayemwamini.
- Usiifungie kadi ya chanjo ndani ya plastiki ya kubandika kwa moto. Ikija chanjo nyingine, mganga atakosa pa kuandika.
- Usimpe mtu karatasi ya asili "akakufuatilie". Ofisi inayotaka kuiona, nenda nayo mwenyewe, rudi nayo.

Mara moja kwa mwezi, labda siku ya mgao, fungua mfuko, hesabu, soma tarehe. Kazi hiyo haizidi robo saa.

7. SIKU ZA MWISHO: KIPIMO

Sasa tuirudie familia ya mama mdogo. Medikali mpya ilifanyika Juni 2021. Tarehe ya ndege ikawekwa Agosti. Siku tatu kabla ya kuondoka wakapimwa korona wote, isipokuwa yule mtoto wa miezi 9, kwa kuwa sharti halikumhusu. Baba mdogo, ambaye hakuwa hata na mafua, akakutwa na virusi. Safari ikavunjika mara ya pili.

Alikasirika, akataka kuichana ile karatasi ya matokeo. Nesi akamshika mkono, akamwambia, "Baba, itunze." Hakuelewa, lakini alitii.

Oktoba wakapangiwa tena. Kwa sharti la wakati ule, aliyekwisha kuugua na kupona aliweza kusafiri ndani ya siku 90 kwa kuonyesha matokeo yake ya kwanza pamoja na barua ya daktari kwamba amepona, bila kipimo kipya. Maana virusi vilivyokufa huweza kuonekana kwenye kipimo kwa wiki nyingi, hata kama mtu hawezi tena kuambukiza. Ile karatasi aliyotaka kuichana ndiyo iliyompandisha ndege.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, usitupe karatasi ya afya kwa sababu inasema habari mbaya. Pili, wiki mbili kabla ya safari ipunguzeni mikusanyiko. Kuaga ni desturi yetu nzuri, lakini karamu ya kuaga ndani ya chumba kimoja imevunja safari za watu. Waageni nje, kwa mbali, kwa siku tofauti. Tatu, ukipewa cheti cha kipimo kisome hapo hapo kabla ya kuondoka dirishani: jina sawasawa na hati, tarehe ya kuchukuliwa sampuli, aina ya kipimo, matokeo, na jina la maabara. Kimoja kikikosekana, cheti kinaweza kukataliwa.

8. WAUZAJI WA KARATASI

Palipo na hofu na haraka, mfanyabiashara hakosi. Wakati wa korona vyeti vya uongo vya kipimo viliuzwa katika nchi nyingi; mwezi Februari 2021 polisi wa Ulaya, Europol, walitoa onyo juu ya biashara hiyo. Kambini nako wapo wanaosema, "Nina mtu ofisini, nipe kidogo nikusogeze mbele."

Huduma za UNHCR na washirika wake hazilipiwi. Fomu hailipiwi, intavyuu hailipiwi, nafasi katika orodha haiuzwi. Anayekudai fedha, au kitu kingine chochote, hata kama amevaa fulana ya shirika, mripoti katika dawati la malalamiko. Mtu mwenye cheti cha uongo hapotezi fedha tu. Faili lake linaweza kufungwa, na kosa hilo humfuata katika nchi nyingine.

9. SAFARI IKISIMAMA TENA

Mtu atasema, korona imepita. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani liliondoa tangazo la dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Lakini tuangalie majirani zetu. Ebola ilikaa Kivu ya Kaskazini tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020. Marburg iliingia mkoa wa Kagera, jirani na Kigoma yetu, mwaka 2023, ikarudi tena Januari 2025. Mpox ilitangazwa kuwa dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024, na Kongo ndiyo iliyoumia zaidi. Tangazo hilo likaondolewa Septemba 2025. Kwa hiyo somo hili si la zamani.

Siku utakayoambiwa "safari zimesimama", fanya haya:

1. Uliza sababu, na uandike tarehe uliyoambiwa na ofisi iliyokuambia.
2. Fungua daftari lako la safu tano. Tazama ni karatasi ipi itakayokufa kwanza.
3. Usiuze kila kitu kabla ya kupanda basi. Bakiza sufuria, jembe na blanketi mpaka siku ya mwisho. Jirani atavipata tu.
4. Mtoto arudi shule, mgonjwa aendelee na dawa. Usisimamishe maisha kwa sababu ya tarehe.
5. Toa habari mara moja kuhusu kuzaliwa, kifo, ndoa, kuhama nyumba na kubadili namba ya simu. Wako waliokosa safari kwa sababu simu yao iliita kwa mtu mwingine.
6. Ukiwa umemgusa au kumuuguza mgonjwa wa mlipuko, sema. Kwa Ebola na Marburg mtu huangaliwa siku 21. Siku 21 za kungoja nyumbani ni chache kuliko kuugua ndani ya ndege, na kuwapa ugonjwa watoto wako na wa wenzako.
7. Miezi miwili kabla ya tarehe fupi zaidi kufika, nenda kauliza. Usigombe. Sema: "Karatasi ya fulani inakwisha tarehe hii. Naomba mniandikie kwenye faili kwamba nimekuja."

Mama mdogo alinipigia simu kutoka huko baada ya wiki mbili. Hakunieleza habari za magari wala maghorofa. Aliniambia, "Mwambie dada yako aandikishe yule mtoto." Dada yangu alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita. Tulikwenda kesho yake asubuhi, tukakuta foleni ndefu, tukasimama. Saa nane mchana mtoto alikuwa na karatasi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yenu, nani ana karatasi yenye tarehe fupi kuliko zote? Inakwisha lini?
2. Mtu amechanjwa homa ya manjano tarehe 1 Mei. Cheti chake kitaanza kuwa na nguvu lini?
3. Kwa nini kumficha mtoto mchanga hakuharakishi safari?
4. Linganisha jina lako katika karatasi tatu tofauti. Je, herufi ni zile zile?
5. Moto ukishika usiku huu, karatasi zenu ziko wapi, na nani mwingine anajua?

Vikundi vya akina mama, vijana na wazee vinaweza kutumia somo hili katika mikutano ya zoni. Asiye na daftari afike kwa mhamasishaji jamii wa mtaa wake, tuchore pamoja.